Ndoo ya Mwisho ya Maoni

Kama hujawahi kuona serikali inayosikiliza, nenda Usikivu. Huko hata bendera imechorwa sikio, sikio kubwa la manjano katikati ya kijani, na watoto wa shule huimba wimbo wa taifa wakiwa wameinamisha vichwa upande mmoja kama watu waliotoka kuogelea. Kuna Wizara ya Kusikia. Kuna Idara ya Kusikia Zaidi, kwa mambo yaliyoipita wizara. Na kila wilaya ina Mratibu wa Usikivu, ofisa mwenye gari na dereva, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna raia anayelala na jambo moyoni. Wenye roho mbaya husema kusikia ni kitu kimoja na kutenda ni kingine, lakini wenye roho mbaya hawakosekani popote, na Usikivu nao husikilizwa vizuri tu.

Katika nchi hiyo ya raha, kwenye mji wa Chelemko ulio kando ya ziwa, aliishi mwanamke ambaye hakuwa na ugomvi wowote na serikali. Alitaka kitu kimoja tu: mumewe aingie majini.

Jina lake lilikuwa Nyamizi, ila jina hilo mjini lilikuwa na mtumiaji mmoja, naye ni huyo mumewe. Wengine wote walimwita Mama Holo, kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali. Mumewe, Mzee Masolwa, alikuwa mshereheshaji wa harusi, na si mshereheshaji wa kubabaisha. Akishika kipaza sauti, alimsifia bibi harusi mpaka bwana harusi akaanza kuona wivu. Kinywa chake ndicho kilichojenga nyumba na kusomesha watoto. Kisha siku moja, katikati ya kutangaza keki, kiharusi kikampiga. Kilichukua mguu wa kulia, mkono wa kulia na maneno yote ya Mzee Masolwa isipokuwa moja. Neno lililobaki ni "bado".

Umeshiba, mzee? Bado. Unaumwa? Bado. Huyu ni nani aliyesimama hapa? Hapo mzee alihangaika na midomo, macho yakamtoka, jasho likamchuruzika, halafu akasema, "Bado," na Mama Holo akageukia jikoni na kujifanya kuna kitu kinaungua.

Sista Veneranda wa hospitali ndiye aliyempa matumaini. "Maji, Mama Holo," alimwambia. "Mtembeze kwenye maji ya kiunoni, kila siku, usichoke. Maji yatambeba. Mguu ukirudi, na ulimi utaufuata. Nimeona wengi. Ila kwenye mawe usithubutu. Akianguka huyu, basi tena."

Sasa ufuko wa Chelemko ni mawe matupu, kutoka sokoni mpaka kule kwenye machinjio. Pana sehemu moja tu yenye mteremko wa mchanga unaoingia majini taratibu, na hapo ndipo ilipokuwa Bustani ya Wote. Watoto walijifunzia kuogelea hapo, maharusi walipigia picha hapo, wasio na kazi walikosea kazi hapo. Mama Holo akawa anampeleka mumewe kila asubuhi, kanga imefungwa kibwebwe, wanaingia wameshikana, wanatembea huku na huku kama watu waliopoteza sarafu chini ya maji. Na kweli, siku moja kidole gumba cha mguu wa kulia kikacheza. Mama Holo alipiga vigelegele pale pale majini, peke yake.

Kesho yake wakakuta kamba.

*

Ilikuwa kamba nzuri, nyeupe, ya hariri kwa kuitazama, imezungushiwa mteremko wote. Kibao kilisimikwa mbele yake: BUSTANI YA WOTE. WANACHAMA TU. Nyuma ya kamba, juu ya mchanga wenyewe, zilikuwa zimelazwa mashua nyembamba ndefu, kila moja imefunikwa turubai isipigwe na jua. Mzee Masolwa alikuwa amesimama juani.

"Shikamoo, mama," alisema mlinzi, kijana mwenye adabu na filimbi.

"Marahaba, baba. Hii kamba ni ya nini?"

"Ya Klabu ya Makasia, mama. Wanafanya mashindano ya kupiga makasia. Mchezo wa heshima sana."

"Mimi sina neno na mchezo wao. Nampitisha mzee tu, aguse maji, nirudi naye."

"Haiwezekani, mama. Wanachama tu."

"Si imeandikwa hapo, Bustani ya Wote?"

Mlinzi akakigeukia kibao akakisoma kama ndiyo kwanza anakiona. "Ndiyo, mama. Wanachama wote."

Mama Holo aliuliza uanachama unapatikanaje. Akaelezwa kwa upole kwamba mwanachama awe na mashua yake, awe na tai, na awe amependekezwa na mtu mwenye mashua na tai. Akamtazama mumewe, ambaye hakuwa na mashua wala tai, na ambaye mguu wake mbovu ulikuwa umeanza kutetemeka kwa kusimama.

"Twende nyumbani?" akamuuliza.

"Bado," alisema Mzee Masolwa, akiyaangalia maji.

*

Mratibu wa Usikivu wa Wilaya alikuwa Bwana Eliasafi Kihwele, mtu mwenye masikio madogo kuliko unavyotarajia kwa cheo kile. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Mama Holo alimweleza habari ya kiharusi, ya Sista Veneranda, ya kidole gumba, na alipofika kwenye kidole gumba Mratibu akatoa leso akafuta machozi. Karani wake, Hezron, naye akafuta machozi, kwa kuwa yuko kazini.

"Umenigusa, mama," alisema Mratibu. "Nasema kweli, umenigusa hapa."

"Nashukuru, baba. Kwa hiyo kamba mtaitoa?"

"Suala lako lipo kwenye mchakato."

"Mchakato wa kutoa kamba?"

"Mchakato wa kukusikiliza."

"Si umeshanisikiliza sasa hivi?"

Mratibu alitabasamu kama mtu aliyeulizwa na mtoto kwa nini mwezi hauanguki. "Hapa nimekusikia, mama. Kusikiliza kuna taratibu zake. Mwisho wa mwezi kutakuwa na mkutano wa wananchi wote kutoa maoni kuhusu bustani. Njoo utoe maoni yako. Uje na mzee pia. Serikali hii haimwachi mtu."

Mama Holo alitoka pale na hasira, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuweza kusema amefanyiwa ubaya gani. Alikuwa amepewa kiti, amepewa maji ya kunywa, na watu wazima wawili walikuwa wamemlilia.

*

Siku ya mkutano mahema yalifungwa barabarani, kwa sababu bustani yenyewe ilikuwa na kamba. Wakazi wa Chelemko walifika kwa wingi. Meza kuu ilipambwa maua, na nyuma yake zilipangwa ndoo za plastiki zenye mifuniko, ndoo nyingi, safi, zinazong'aa. Watu walidhani watagawiwa.

Aliyeanza kuzungumza ni mwenyekiti wa Klabu ya Makasia, Daktari Wenseslaus Mpembe, ambaye udaktari wake ulikuwa wa heshima na mashua yake ilikuwa ya mkopo.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kupiga makasia ni mchezo ambao mtu anakwenda mbele huku ametazama nyuma. Haoni anakokwenda! Anaona alikotoka tu! Na bado anakwenda, tena kwa kasi! Nawauliza, je, hivyo sivyo taifa letu linavyokwenda?"

Makofi. Mratibu alipiga zaidi ya wote.

"Yapo maneno ya mitaani kwamba klabu imechukua bustani. Klabu haikuchukua bustani! Klabu imeibeba bustani, mgongoni, kama mama anavyombeba mwanawe. Nawauliza akina mama mlioko hapa: mtoto akibebwa, ameibiwa?"

Akina mama wakanong'onezana, wakakubaliana kwamba inategemea amebebwa na nani, lakini hapakuwa na nafasi ya kujibu kwa sababu utoaji wa maoni ulikuwa unaanza. Mratibu akaeleza taratibu. Kila mtoa maoni atainamisha kichwa ndani ya ndoo, atasema yake yote, atatoa kichwa, na Hezron atabana mfuniko haraka, yasije yakavuja. Kisha mtoa maoni atatoa ulimi uchovywe wino wa zambarau, ithibitike ametoa. Ndoo zitapelekwa makao makuu, ambako zitafunguliwa na wataalamu wenye masikio yaliyosomea.

Wa kwanza alikuwa mwenye baa iliyo ng'ambo ya barabara. Aliunga mkono klabu kwa moyo wote, maana wageni watakuja, wakija watakula, wakila watakunywa. Pah! Mfuniko. Wa pili alikuwa Bahebe, mpiga picha za harusi, ambaye alikuwa anaongea kwa sauti hata akiwa ndani ya ndoo: "Maharusi wangu nitawapigia wapi? Juzi nimempiga bibi harusi mbele ya hizo mashua zenu, kwenye picha kasia limemtokea sikioni! Mama mkwe amekataa kulipa!" Watu walicheka. Pah! Mwingine akauliza kama klabu itatoa ajira, akajibiwa kwamba atatafutwa mtu wa kufua kamba. Mwingine alitaka kujua maji ya ziwa nayo ni ya wanachama au ni mchanga tu. Wengine wakabishana, wengine wakatukanana, lakini kila tusi likaingia ndooni na kufunikwa, na mkutano ukabaki na amani ya ajabu.

Zamu ya Mama Holo ikafika. Alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri, lakini alipoingiza kichwa ndani ya ndoo sauti yake ilimrudia usoni, kubwa, ya mtu asiyemjua, na mpangilio wote ukamtoka.

"Mume wangu anahitaji maji," alisema. "Nifungulieni njia tu. Sitaki kingine."

"Basi?" aliuliza Hezron.

"Basi."

Pah! Wino ulikuwa mchungu kama shubiri.

Akabaki Mzee Masolwa. Hezron akamsogezea ndoo kwa heshima zote.

"Mzee, una maoni?"

"Bado."

"Samahani, mzee?"

"Bado."

Hezron akamgeukia Mratibu. Mratibu akanyanyua mkono, uso wake ukiwa umejaa fahari. "Mwacheni," alisema kwenye kipaza sauti. "Hajawa tayari. Usikivu hatumharakishi mtu."

Makofi tena.

*

Ndoo zikapakiwa kwenye gari na kwenda zake. Wiki iliyofuata kamba ikahama. Badala ya kuzunguka mteremko ikazunguka bustani yote, pamoja na bembea za watoto na msala. Mama Holo akaenda tena kwa Mratibu, safari hii hakusubiri kiti.

"Tumesema tukasema, na kamba ndiyo imeongezwa! Huu ni usikivu gani?"

"Mama," alisema Mratibu taratibu, "hebu toa ulimi."

Akatoa. Ulikuwa wa zambarau.

"Ukitoa meza nje, meza ipo ndani?"

"Haipo."

"Ukitoa jino, jino lipo mdomoni?"

"Halipo, lakini..."

"Ukitoa maoni, maoni yako wapi?"

Mama Holo akafuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Yako kwenye ndoo, mama. Ulishayatoa. Sasa hivi ni mali ya serikali. Haya unayosema hapa umeyapata wapi?" Mratibu akainama mbele kwa huruma. "Mimi sikushtaki, maana najua una mgonjwa. Lakini kukutwa na maoni baada ya kuyatoa ni kosa."

Hakuwa anatania. Bahebe alipita karibu na kamba siku hiyo hiyo, akaitazama, akafyonya. Alishikwa na kulazwa mahabusu kwa kukutwa na msonyo unaolingana kabisa na maoni yaliyokwisha kutolewa. Baada ya hapo Chelemko pakawa kimya. Watu walikutana sokoni na ndimi zao za zambarau, wakasemezana habari za mvua. Hata mvua waliizungumza kwa tahadhari, kwa sababu nayo ni maji.

Mama Holo hakuvumilia. Akampeleka mumewe kwenye mawe. Alijua, aliambiwa, na akampeleka hivyo hivyo, kwa sababu angefanya nini? Mguu mbovu wa mzee uliteleza kwenye ukoga, wakaanguka wote wawili, yeye chini, mumewe juu, goti la mzee likachubuka mpaka nyama nyeupe ikaonekana. Mama Holo alikaa pale kwenye mawe akalia. Hakulia kwa maumivu wala kwa huzuni; alilia kwa hasira, kilio cha kupiga jiwe kwa kiganja. Hatua chache tu kutoka hapo wapiga makasia walikuwa wanapita majini, wamekaa mstari, migongo imetangulia, nyuso zimetazama walikotoka.

"Bado," mumewe alimwambia, akimpapasa bega kwa mkono wake mzima. "Bado."

Siku hizo kidole gumba kikaacha kucheza.

*

Halafu, asubuhi moja, hodi ikapigwa. Alikuwa Mratibu mwenyewe, na Hezron nyuma yake amekumbatia ndoo.

"Karibuni," alisema Mama Holo, kwa sauti isiyokaribisha.

Mratibu hakuwa yule wa ofisini. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaulizia afya ya mzee, akaulizia usingizi wake, choo chake, hamu yake ya kula. Mwisho akatoa lililomleta. Waziri wa Kusikia anakuja kuizindua klabu rasmi. Hotuba yake imeshaandikwa, na inaanza na maneno haya: Wananchi wote wa Chelemko wametoa maoni. Ila makao makuu wamehakiki ndoo, na moja ni tupu.

"Ya mzee wako," alisema. "Ndiye peke yake wilaya nzima ambaye maoni yake bado anayo."

Mama Holo alimtazama. "Si mseme tu ametoa? Nani atajua?"

"Mama!" Mratibu alishtuka kiasi cha kusimama. "Nchi hii tunaweza kuchukua bustani. Tukiamua tunaweza kuchukua na ziwa. Lakini kusema mtu amesikilizwa wakati hajasikilizwa? Unatuonaje? Sisi si wahuni!"

"Na asipotoa?"

Mratibu akakohoa. "Asipotoa, mchakato haujafungwa. Na mchakato usipofungwa..." akakohoa tena, "kisheria bustani ni ya wote."

"Wanachama wote?"

"Hapana," alisema Mratibu kwa uchungu. "Wote wale wa zamani."

Ndoo ikafunguliwa. Mzee Masolwa akainamishwa kichwa. "Mzee wetu, uko tayari kutoa maoni?"

"Bado."

Hezron, kwa mazoea, akabana mfuniko. Mratibu akamkemea: "Fungua! Hayo si maoni, hiyo ni taarifa." Kisha akamgeukia Mama Holo na kuweka utaratibu: neno lolote litakalomtoka mzee zaidi ya hilo "bado", liwe neno gani, litahesabiwa kuwa ndiyo maoni yake kuhusu bustani, litafungiwa ndooni na kupelekwa makao makuu, na mchakato utakuwa umefungwa.

Mama Holo alikuwa mtu wa kuelewa haraka. "Mnataka aseme," alisema.

"Tunamwomba Mungu."

"Hatasema bila maji. Sista amesema mguu kwanza, ulimi baadaye. Na maji mmeyafungia nyuma ya kamba."

Jioni ile kamba ilikuwa imeviringishwa.

*

Hakuna mgonjwa katika historia ya Usikivu aliyehudumiwa kama Mzee Masolwa. Klabu ya Makasia ilimfuata nyumbani kila asubuhi. Vijana wanne wenye tai walimbeba kwenye kiti mpaka kwenye mteremko, wakamshusha majini kama yai. Daktari Mpembe mwenyewe alisimama ufukoni ameshika taulo. Waliletwa mtaalamu wa viungo na mtaalamu wa ulimi, ikaletwa na supu ya miguu ya ng'ombe iliyochemshwa usiku kucha. Hezron alihamia kwenye kibaraza chao na ndoo yake, neno lisije likatoka usingizini likapotea.

Na kwa kuwa kamba haikuwepo, watu wakarudi. Watoto wakaoga, wasio na kazi wakakaa, Bahebe akaleta maharusi. Mzee Masolwa alipopita begani kwa wanachama, ufuko wote ulimwita: "Mzee, vipi?" Naye akajibu, "Bado!" wakapiga makofi kuliko yale ya harusini. Alikuwa anafurahi, mtu yeyote angeona. Kidole gumba kilianza kucheza tena, kisha mguu, kisha goti.

Siku moja Bahebe alimsogelea Mama Holo, akaangalia kushoto na kulia. "Mama Holo, mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, nashukuru."

"Asiendelee sana, mama," alinong'ona Bahebe. "Nakuomba. Kwa ajili ya wote."

Mama Holo alitaka kumzaba kofi. Usiku huo alilala macho wazi akiyapanga mambo, na kila alivyoyapanga yalikuja vile vile. Mzee akipona ulimi, kamba inarudi, na mguu ungali haujapona. Mzee asipopona ulimi, basi ndiyo hivyo, hatamsikia tena maisha yake yote. Kulipokucha akamwendea Mratibu, akauliza swali ambalo aliona aibu kuliuliza.

"Na Mungu akimchukua?"

Mratibu akainamisha kichwa kwa heshima. "Marehemu, mama, kwa mujibu wa sheria, huhesabiwa ameridhika."

Kwa hiyo mzee asipone, na asife. Mama Holo alirudi nyumbani akashika rozari yake, akakuta hajui aombe nini. Alichukia. Alimchukia Mratibu na machozi yake, aliichukia supu nzuri ya klabu, alimchukia Bahebe kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Zaidi ya yote aliichukia ile hofu ndogo iliyokuwa inamshika kila mumewe alipofungua mdomo, yeye ambaye kwa miezi yote hiyo alikuwa ameomba kitu kimoja tu, mdomo huo useme.

*

Ilikuwa asubuhi ya utulivu, maji hayana hata kiwimbi. Vijana wa klabu walikuwa wamemshusha Mzee Masolwa wakaenda kukaa kwenye mashua zao. Daktari Mpembe alikuwa anasinzia na taulo lake. Hezron alisimama ukingoni, suruali imekunjwa, ndoo kwapani.

Mzee aliuachia mkono wa mkewe.

Alipiga hatua moja peke yake. Mguu wa kulia ukafuata, si kwa kuburuzwa, ulifuata wenyewe. Akapiga nyingine. Akasimama katikati ya maji, akageuka, uso wake umejaa mshangao wa mtu aliyejikuta kwake baada ya safari ndefu. Midomo ikaanza kuhangaika. Mama Holo aliijua ile hali, aliisubiri "bado" yake kama kawaida, na tayari alikuwa anatabasamu ili mzee asione amevunjika moyo.

"Nya," alisema mumewe.

Mama Holo akaacha kutabasamu.

"Nyamizi."

Lilikuwa limetoka zima, laini, kwa sauti ile ile aliyokuwa anamwitia enzi za ujana wao, kabla ya Holo, kabla ya kamba, kabla ya yote. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akimwita kwa jina hilo. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kuruka, kumkumbatia, kuwaita majirani, kuwaambia watoto. Badala yake alimrukia mumewe, akamziba mdomo kwa kiganja chake, kwa nguvu, maji yakawarukia wote wawili.

Ukingoni Hezron aliinua kichwa. Mkono wake ulikuwa juu ya mfuniko.

"Mama! Mzee amesema kitu?"

Mama Holo alimtazama mumewe machoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kwa bahati uso wote ulikuwa umelowa, yasingetambulikana.

"Bado," alijibu.

Hezron akaketi. Chini ya kiganja chake Nyamizi aliihisi midomo ya mumewe ikilitaja jina lake, tena na tena, kwa furaha, naye akazidi kukaza mkono.